Sahani za Ijumaa

"Nisomee tena hapo walipokaa mezani," alisema Inspekta Nyamweya.

Sajini Machuki akaisogeza taarifa karibu na dirisha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na upepo wa ziwa ulikuwa umeleta harufu ya dagaa wa omena hadi ndani ya kituo cha polisi cha Homa Bay. Sajini alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"'Mimi ni Ombui, mwandishi wa Bwana Nicodemus Ogweno katika kampeni yake ya uenyekiti wa tawi la chama. Ijumaa hii, adhuhuri, Bwana Ogweno aliwaalika chakula Mzee James Mochama wa Migori na Mzee Zadock Makori wa hapa Homa Bay, ili achague mmoja wao awe makamu wake. Kulikuwa na nyama ya mbuzi na samaki aina ya mumi. Mzee Makori alichukua sahani yake ya samaki, hakuionja, akamsukumia Mzee Mochama kwa mkono wake mwenyewe. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo mezani, na nilishangaa sana.'"

"Alisema hivyo mwenyewe? Kwamba hajawahi kuona?"

"Neno kwa neno, Afande. Mimi ndiye niliyeandika."

Nyamweya alinyoosha mkono, akaichukua karatasi na kuusoma mstari ule mwenyewe. Kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

"Endelea. Mochama aliugua saa ngapi?"

"Akiwa amefika kwake Migori, alasiri. Alitapika damu. Daktari wa hospitali ya misheni alipiga simu, akasema ni sumu, inafanana na ile ya panya. Mwenyeji alikula samaki kidogo, hakudhurika. Ombui hakula samaki kabisa. Aliyekula sahani mbili ni Mochama, na ya pili alipewa na Makori. Nani mwingine anayeutaka umakamu? Tulimfuata Makori dukani kwake jua limeshazama. Tulipomwambia aandike taarifa, alikataa katakata. Mtu asiye na hatia anakataaje kujitetea?"

"Jua lilikuwa limezama?"

"Ndiyo."

"Siku ya Ijumaa. Kwa Msabato, Sabato imeshaingia." Nyamweya alivaa kofia. "Sajini, hata ungemwambia nyumba yake inaungua, angezima moto kwanza na habari zake angekusimulia leo usiku."

Sajini Machuki alicheka kidogo, lakini hakushawishika. "Yeye ataeleza hayo Jumatatu mbele ya hakimu. Karatasi za mashtaka ziko tayari, zinangoja sahihi yako tu."

Walimkuta Zadock Makori ameketi kwenye sakafu ya seli, mgongo umenyooka, koti amelikunja vizuri kando yake. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka kama sitini, mwenye duka la nguo na chumvi karibu na gati. Alimtazama Inspekta kwa muda, akakunja macho kama anayesoma kibao cha mbali.

"Wewe ni mtoto wa seremala. Laini ya pili, kule mgodini."

"Ndiyo, tata," Nyamweya alimwita baba kwa Kikisii. "Mimi ni Nyamweya."

"Umekuwa mrefu. Baba yako alikuwa mfupi." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "James yuko hai?"

"Mpaka asubuhi hii, yuko hai. Tata, nina maswali ya jana."

"Hayo ni ya kazi, mwanangu. Nitayajibu jua likizama."

"Jumatatu utashtakiwa kwa kutaka kumuua."

"Jumatatu ni mbali. Leo ni Sabato." Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Unaweza kunisaidia jambo moja lisilo la kazi? Mtu amwambie Bosibori, mkewe James, kwamba ninamwombea mzee wake."

Walipotoka nje Sajini alitikisa kichwa. "Mzee huyu ni mgumu, Afande. Lakini wewe unawajua hawa watu? Kisumu walijua hivyo walipokutuma?"

"Kisumu hawakuuliza. Sisi sote tulikuwa Macalder, enzi za mgodi. Mochama alikuwa nyapara wa chini ya ardhi, Makori alikuwa mtunza stoo. Nyumba zao zilitazamana, katikati kulikuwa na bomba la maji." Nyamweya alifungua mlango wa Landrova. "Mochama ni Mkatoliki. Ijumaa hali nyama. Makori ni Msabato, na mumi hana magamba, kwa hiyo kwao ni najisi. Sasa, Ijumaa ndiyo siku ambayo kampuni ilikuwa ikigawa nyama. Na Ijumaa hiyohiyo wanawake wa Kijaluo waliotoka Muhuru kuuza samaki walikuwa wakimletea Makori zawadi ya mumi, kwa sababu aliwawekea mizigo yao stoo bure. Hakuwa na ujasiri wa kuwaambia kwamba yeye hali mumi. Basi kila Ijumaa nyama ya Mochama ilivuka kwenda kwa Makori, na mumi wa Makori alivuka kuja kwa Mochama. Miaka na miaka. Ukisikia honi ya mgodi ya saa sita, unajua sahani zinavuka."

Sajini alifikiri. "Kwa hiyo jana alifanya mazoea ya zamani."

"Alifanya mazoea ya zamani."

"Hakimu atasema basi ndiyo njia aliyotumia. Rafiki hakatai sahani ya rafiki."

"Na hakimu atakuwa na haki ya kusema hivyo," Nyamweya alisema. "Ndiyo maana tunakwenda jikoni."

*

Nicodemus Ogweno aliwapokea uwanjani kwake akiwa amevaa suruali ya kaki na fulana, ndevu hajanyoa. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kujaza uwanja, lakini asubuhi ile sauti aliiweka chini.

"Omera, ndugu yangu, kesho wajumbe wanakutana," alisema kabla hata hawajaketi. "Kesho! Na kwa desturi ya tawi letu mgombea hasimami peke yake. Anasimama na makamu wake ubavuni, watu wawaone wawili. Mimi nitasimama na nani? Na kivuli changu?"

"Kwa nini ulitaka Mkisii, kama Mochama au Makori?"

"Hesabu si ngumu. Sisi Wajaluo tumegawanyika, nusu wangu, nusu wa mpinzani wangu. Yeye amechukua makamu kutoka Kisegi, kwa Wasuba, ameziba pwani yote ya ziwa. Waliobaki ni wageni: Wakisii wa madukani na wale wa mgodini. Uchaguzi ni kama mtumbwi, Inspekta. Mwenyekiti ndiye mwenye kasia, lakini makamu ndiye anayekaa upande wa pili ili usipinduke. Nikimchukua Makori, napata Wasabato na maduka ya hapa na Oyugis, lakini Wakatoliki wa Migori wananuna. Nikimchukua Mochama, watu wa Macalder watakuja kwa miguu kunipigia kura, lakini Wasabato watakumbuka ghafla kwamba siasa ni dhambi. Nikasema niwaite wote, tule, nione yupi atamwachia mwenzake."

"Na ulimwona?"

"Niliona wazee wawili wakicheka kama watoto! Makori alisukuma sahani, akasema, 'Honi imelia, James.' Mochama akacheka mpaka akatoa machozi. Naye akamrudishia mbuzi. Sikuelewa, lakini nilicheka nao." Ogweno alifuta uso kwa kiganja. "Haya, mmoja yuko kitandani, mwingine yuko ndani. Mkisii aliyenibakia ni Ombui. Ni kijana, ana maneno, anawajua watu wa mgodi. Nimemwambia kesho asimame nami. Ameshakwenda Macalder tangu alfajiri kuwaweka sawa."

"Nani alichagua chakula cha jana?"

"Mimi nilisema mbuzi. Samaki aliletwa na Ombui kutoka Muhuru. Alisema Mkatoliki asikae njaa siku ya Ijumaa. Si unaona? Kijana anafikiri." Akamsogelea Nyamweya. "Sikiliza, ndugu yangu. Ukimpata mtu mwingine katika jambo hili, nakuomba kitu kimoja tu. Mngoje mpaka Jumatatu. Kesho nisisikie kelele kambini kwangu."

"Makori hatangoja mpaka Jumatatu."

"Makori ana Mungu wake."

"Na mimi nina kazi yangu," alisema Nyamweya. "Jiko liko wapi?"

Jedidah, mpishi wa nyumba, alikuwa akisugua sufuria kwa majivu nyuma ya nyumba. Alipoona kofia mbili za polisi alisimama na mikono yake myeusi mbele yake, kama mtu anayengoja kufungwa pingu.

"Keti, mama. Wenzangu walikuuliza nini jana?"

"Waliniuliza nani alibeba sahani kwenda mezani. Nikasema ni mimi. Wakaandika. Tangu hapo sijalala."

"Mimi nitakuuliza lingine. Nani aliwapakua samaki?"

"Ni Bwana Ombui. Alikuja nao watatu, wa moshi. Niliwatia mchuzi wa nyanya. Walipoiva akaingia hapa, akanawa, akaniomba kisu kidogo. Akasema huyu mmoja mchuzi haujaingia, ngoja nimchane. Akamchana ubavuni, chini ya ngozi. Nikamwambia, basi wachane wote. Akasema mmoja anatosha, niende nikatazame ugali usiungue."

"Ukaenda?"

"Ungekuwa unaungua angelaumiwa nani?"

"Huyo aliyechanwa alikwenda sahani gani?"

"Ile yenye ukingo wa bluu. Akaniambia hii ni ya Mzee Makori. Nikacheka. Nikamwambia, hee, Bwana Ombui, na wewe ni mtu wa kwao, hujui Msabato hali mumi? Unataka mgeni arudi na njaa?" Jedidah aliinamisha kichwa akikumbuka. "Naye akacheka. Akasema, 'Mpe tu. Atajua la kufanya nayo.'"

Sajini Machuki aliacha kuandika.

"Maneno hayo uliyaambia polisi jana?" aliuliza.

"Si hamkuniuliza mambo ya kicheko," alisema Jedidah.

*

Barabara ya Rongo ilikuwa kavu na vumbi lilifunika kioo cha nyuma chote. Sajini aliendesha. Walipopita mashamba ya miwa alisema, "Sasa tunaye."

"Tunaye mpishi anayesema moja, na mwandishi wa mheshimiwa atakayesema lingine. Mpishi ndiye aliyepika. Wakili wa Ombui atamwuliza mama yule swali moja tu, alie, na kesi imekwisha. Nataka samaki mwenyewe."

"Sahani zilioshwa, Afande. Mifupa walikula mbwa."

"Mbwa wanaendeleaje?"

"Wazima. Lakini walipewa mifupa ya sahani zote pamoja, na sahani ya bluu ilirudi kavu. Nilimwuliza Jedidah tukitoka. Haikuwa na hata mfupa."

"Haikuwa na hata mfupa," Nyamweya alirudia, akamwambia aongeze mwendo kwenda Migori.

Bosibori, mke wa Mochama, walimkuta nyumbani nyuma ya duka. Alikuwa ametoka hospitali kuja kuchukua blanketi. Alimshika Inspekta mikono yote miwili, akamvuta chini amtazame vizuri.

"Wewe! Ulikuwa na kidonda cha goti kisichopona. Kilipona?"

"Kilipona, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Amefumbua macho. Daktari anasema angekula kidogo tu zaidi tungekuwa tunachimba kaburi. Na wamemfunga Zadock! Nani aliwaambia wafanye upuuzi huo?" Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake ilikuwa ya ugomvi. "Zadock ndiye aliyesimamia harusi ya binti yangu. Alikaa nje ya kanisa mpaka misa ikaisha, kwa sababu ya imani yake, lakini alikaa. Kwenye jua!"

"Mama, nikuulize. Zamani, zile Ijumaa za Macalder, mzee alikuwa akimaliza samaki wote?"

Bosibori aliacha kulia. "Amalize? Mkia ni wangu. Tangu aliponioa. Hata akila kwa watu anaukunja kwenye jani anauleta mfukoni, koti zima linanuka. Nimeng'ang'ana naye miaka yote juu ya hilo koti."

"Na jana?"

Alimtazama. Kisha akageuka, akaenda jikoni, nao wakamfuata. Juu ya kibao karibu na figa kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa uzi wa kamba ya mgomba.

"Aliniletea. Nilikuwa nimeshakula, nikasema nitakula usiku. Muda mfupi baadaye akaanza kutapika."

"Usikiguse, mama."

Nyamweya aliinama. Sisimizi walikuwa wamekata njia kutoka ukutani mpaka kwenye kifurushi. Njia ile ilikwenda lakini haikurudi. Walikuwa wamelala chungu nzima kuzunguka jani, wakavu, kama mbegu za mchicha zilizomwagika. Alilifungua jani kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa nusu ya samaki, mkia na sehemu ya ubavu, na ubavuni palikuwa na mkato mrefu, ulionyooka. Aliinua ngozi kidogo. Chini yake, katikati ya mchuzi uliokauka, palikuwa na unga wa kijivu.

"Sajini. Mtu aliyekaa mezani mbele ya watu watatu angeweza kuuweka unga huu chini ya ngozi?"

"Hapana, Afande. Hii ni kazi ya jikoni. Ya kisu."

"Makori aliingia jikoni?"

"Kila mtu anasema hakuingia."

Walikitia kifurushi kwenye mfuko wa ushahidi, wakaufunga kwa lakiri, Bosibori akatia alama ya kidole gumba. Alipomaliza alikaa juu ya kigoda.

"Kwa hiyo kunikumbuka mimi," alisema, "ndiko kulikomwokoa."

"Ndivyo, mama."

"Na mimi nilikuwa nikimkemea juu ya koti." Alijifuta uso kwa leso. "Mlikuwa watoto wazuri, nyinyi mliobeba zile sahani. Wewe ukipeleka nyama, na mtoto wa Nyamoita akileta samaki. Hamkumwaga hata mara moja."

Sajini Machuki alimgeukia Inspekta. "Mtoto wa Nyamoita ni nani?"

Nyamweya alitoa ile taarifa mfukoni, akampa.

"Ndiye aliyekuambia hajawahi kuona," alisema.

*

Macalder ilikuwa imefungwa mwaka uliopita, na tayari majani yalikuwa yameanza kuichukua. Mabati ya laini ya kwanza yalikuwa yameng'olewa. Mnara wa mgodi ulisimama bado, gurudumu lake halizunguki, na chini yake wanawake walikuwa wakichekecha mchanga kwa karai wakitafuta dhahabu iliyoachwa na mashine. Nyamweya alimwambia Sajini asimamishe gari penye ngazi za kantini ya zamani. Siku za mishahara gramafoni ilikuwa ikipigwa pale mpaka mgodini ikasikika. Sasa mbuzi alikuwa amelala mlangoni.

Ombui alikuwa amesimama juu ya ngazi hizo, shati jeupe, tai nyembamba, akizungumza na wazee kama kumi waliokuwa wachimbaji. Alipomwona Inspekta alinyoosha mikono.

"Jamani, tazameni! Kijana wa seremala amekuja na Landrova ya serikali!"

Wazee wakacheka, wakampa Nyamweya mkono mmoja mmoja. Mmoja akamgonga kifuani. "Wewe si ndiye uliyeanguka kwenye pipa la grisi?"

"Ni mimi, mzee."

"Niliambiwa wataleta mtu wa pwani," Ombui alisema akishuka. "Wangesema ni wewe ningekupikia. Habari za Mzee Mochama? Usiku kucha sikulala."

"Amefumbua macho."

Ombui alikohoa. "Mungu mkubwa."

"Nilikuwa napita tu," alisema Nyamweya. "Nikasema nione kama bomba letu bado lipo. Lile la katikati ya nyumba zao."

"Bomba? Lipo! Limekauka, lakini lipo. Njooni." Ombui alitangulia, na wazee wakafuata, kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Lilikuwa bomba fupi la chuma lililosimama peke yake kwenye majani. Upande huu palikuwa na msingi wa nyumba moja, upande ule msingi wa nyingine.

"Hapa ndipo tulipokutana, sivyo?" aliuliza Nyamweya. "Nimesahau mengi. Nani alikuwa akianzia upande upi?"

"Wewe ulianzia hapa, kwa Mochama, na nyama. Mimi nikitoka kule kwa Makori na mumi wangu." Ombui alikuwa akicheka, na macho yake yalikuwa yamelainika. "Honi inalia, puu! Tunatoka. Tukifika hapa tunaweka sahani chini juu ya hii simiti, mimi natazama huku na kule, wewe unalamba mafuta ya nyama."

"Nawe?"

"Mimi nilichovya kidole kwenye mchuzi. Mama Bosibori alijua, alikuwa akiniachia ukoko wa ugali niufutie. Sahani yake ya bluu, unaikumbuka? Ilikuwa na pengo ukingoni, hapa." Akaonyesha kwa kidole hewani. "Kila Ijumaa. Hata siku mgodi ulipoporomoka, sahani zilivuka."

"Kweli kabisa," mzee mmoja alisema. "Tulikuwa tukiwaita wachukuzi."

Nyamweya alitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akamkabidhi. "Tusomee hapo, mstari wa mwisho. Kwa sauti."

Ombui aliitazama. Upepo uliyatikisa majani kuzunguka bomba.

"Soma, mwanangu," mzee yule alimhimiza, akidhani ni mchezo.

Hakusoma. Sajini Machuki aliichukua karatasi mkononi mwake, akasoma yeye. "'Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo mezani, na nilishangaa sana.'"

"Nilisahau," alisema Ombui.

"Umekumbuka sasa hivi mpaka pengo la sahani."

"Mtu anaweza kusahau akiwa na hofu."

"Jedidah hajasahau kisu. Hajasahau 'atajua la kufanya nayo'. Na mkia wa samaki uko kwenye gari, na mkato wako, na unga ndani yake. Mzee alimwekea mkewe, kama kawaida yake. Hilo ndilo ulilolisahau kweli."

Mmoja wa wazee alivua kofia.

"Nilipima kidogo," Ombui alisema mwishowe, akiwa ameliangalia bomba. "Nilitaka augue. Sikutaka afe."

"Na Makori afungwe."

"Siku mbili tatu tu! Mpaka kesho ipite." Sauti yake ilipanda. "Hotuba zote za Ogweno ni zangu. Kijiji kwa kijiji, mimi ndiye niliyemwambia nani aguswe na nani aachwe. Ilipofika zamu ya makamu akaniuliza, 'Tumchukue Msabato au Mkatoliki?' Mimi nimekaa mbele yake! Mama alinibatiza huku, shule ikanibatiza kule. Sina kanisa la kuniletea kura, basi sihesabiwi. Mimi ni mtu wa kubeba sahani tu, mpaka leo."

Nyamweya alimwomba anyooshe mikono. Sajini alipofunga pingu, mzee mmoja aliokota tai iliyokuwa imemdondoka Ombui, akaipangusa vumbi, akamtia mfukoni.

*

Jua lilikuwa limeshazama waliporudi Migori, kwenye hospitali ya misheni. Nyamweya alikuwa amepiga simu Homa Bay, na gari la pili lilikuwa limemleta Makori, ambaye alitia sahihi taarifa yake juu ya boneti ya gari, kwa mwandiko safi, bila kulalamika. Kisha aliingia wodini akiwa ameshika kofia.

Mochama alikuwa amelala juu ya mito miwili, midomo imepasuka. Bosibori alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Mochama alipomwona Makori alisukuma kijiko kando.

"Zadock. Nasikia walikulaza chini."

"Sakafu ilikuwa safi."

"Wangejua unavyokoroma wasingekufunga na wenzako."

Makori alicheka, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na kufunika uso kwa kofia, na mabega yakamtetemeka. Mochama alimgusa goti mpaka alipotulia.

Ogweno alikuwa amesimama mlangoni, amevaa suti safari hii, na alikuwa ameshasikia yote. Alikohoa. "Wazee wangu, sina uso. Lakini wajumbe ni kesho, na sina mtu ubavuni."

"Huyu anatoka jela, mimi natoka kaburini," alisema Mochama. "Unachagua nini hapo? Mchukue Zadock."

"Watu wa Macalder watakubali?"

"Waambie mimi ndiye niliyemsukumia sahani. Wao wanajua maana yake." Akamgeukia rafiki yake. "Usikatae. Hujawahi kukataa zawadi ya mtu maisha yako yote, usianzie kwangu."

Makori alikunja kofia mapajani. "Basi kura ziwe zako, James. Mimi nitazibeba tu."

Mochama alifumba macho, akapumzika. Nyamweya alikuwa akitoka polepole mzee alipomwita.

"Mtoto wa seremala. Na yule mwenzako, wa Nyamoita? Yeye amekula?"

Bosibori alimtazama Inspekta, akatikisa kichwa kidogo: hajaambiwa. Daktari alikuwa amesema asiambiwe leo.

"Bado, tata."

"Mpe kitu. Mtoto hapeleki chakula cha watu akalala njaa."

Bosibori aliweka kijiko chini. Kisha alifungua kikapu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakata ugali kwenye sahani, akaweka mboga juu yake, akaufunika kwa sahani nyingine. Alimpa Nyamweya bila kumtazama.

Uwanja wa hospitali ulikuwa na giza jepesi, na Landrova ilikuwa upande wa pili, chini ya taa. Ndani yake mtu wa shati jeupe alikuwa ameinamisha kichwa. Sajini Machuki alishuka kufungua mlango. Nyamweya aliishika sahani kwa mikono miwili, akavuka uwanja taratibu, asimwage.